Tani Moja Inatosha Karatu

Anayetafuta pikapu Karatu hakosi mshauri, na ushauri mwingi unaelekea upande mmoja: jibane, kopa kama ni lazima, nunua Land Cruiser. Ushauri huo una mizizi. Kuanzia alfajiri Land Cruiser zinapita kwa misururu kwenye lami inayotoka Makuyuni, zimebeba watalii wanaowahi lango la Lodoare la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro, na jioni zinarudi zimegeuka rangi kwa vumbi. Nyingi kati ya hizo zilizaliwa pikapu. Karakana za Arusha, Hanspaul ikiwa miongoni mwa zile zinazofahamika zaidi, huchukua Land Cruiser ya kebini moja, hurefusha chasisi yake, kisha huijengea bodi yenye viti na paa la kunyanyua. Kwa hiyo mkulima wa Rhotia anapoona gari hilo likipanda na kushuka kreta mwaka hadi mwaka, anajiambia kwamba gari lililoweza kazi ile haliwezi kushindwa na magunia yake ya maharage. Hapo amesema kweli. Swali ambalo hajajiuliza ni kama magunia yake yanahitaji gari la namna hiyo, na kama fedha za ziada atakazolipa zitamrudia. Nikitazama mizigo, barabara na bei, naona jibu ni hapana kwa wakazi wengi wa wilaya hii. Pikapu ndogo ya tani moja, ya kebini moja, yenye foo wili, inatosha. Ile kubwa ina kazi yake halali, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko ng'ambo ya lango.

Tuanze na ukubwa wenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Chukua futi kamba upime Land Cruiser pikapu ya mfululizo wa 70 na Hilux ya miaka ya karibuni, zote za kebini moja. Utakuta kila moja inazidi mita 5 kidogo kwa urefu, na upana wao unakaribiana sana, mita 1.8 hivi. Kwa namba za kiwandani Hilux hubeba karibu tani moja, na Land Cruiser hubeba tani moja na kilo mia moja au mia mbili juu yake, kutegemea toleo. Yaani kwenye nafasi ya mzigo, kubwa na ndogo ni majirani. Wanapotengana ni chini ya bodi. Land Cruiser ina chasisi nene zaidi, ekseli nzito mbele na nyuma, na kwa miaka mingi imeuzwa kwetu ikiwa na injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita na isiyo na taboa. Hilux mpya hutumia injini ya silinda nne ya lita 2.4 yenye taboa, na mbele ina magurudumu yanayocheza kila moja peke yake badala ya ekseli moja iliyonyooka. Mtu akisema anataka pikapu kubwa Karatu, kwa kweli anataka pikapu ngumu. Nafasi anayopata ni ileile.

Huko Marekani pikapu kubwa ni kubwa kweli. Ford F-150 ina upana unaozidi mita 2 kabla hujahesabu vioo vya pembeni, na familia yake ya F-Series imeongoza mauzo ya pikapu nchini humo tangu mwaka 1977. Sababu mojawapo ni ya kisheria: mwaka 1964 Marekani ilianza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa malori mepesi yanayotoka nje, kulipiza kodi ambayo Ulaya iliiweka kwa kuku wa Kimarekani, na ushuru ule ukabaki hadi vizazi vilivyofuata, ukazilinda pikapu za nyumbani zisishindane na zile ndogo za Japani. Hata hivyo F-150 nyingi za dabo kebini hazibebi kwa uhalali zaidi ya tani moja. Gari limejaa barabara nzima, mzigo ni uleule wa Hilux. Nasi hatuna ushuru wa namna hiyo unaotulazimisha kuchagua bodi pana. Tuna uhuru wa kuchagua kwa kuangalia kazi, na ni vizuri tuutumie.

Sasa tupakie. Namba ya uwezo iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari humhesabu kila aliyekaa ndani pamoja na kila kilichowekwa nyuma, isipokuwa pale kitabu kinaposema vinginevyo. Dereva na utingo wake wakiwa na kilo 140 kwa pamoja, Hilux ya tani moja inabakiwa na kilo 860, sawa na magunia manane ya mahindi ya kilo mia mia. Land Cruiser, kwa hesabu ileile, inachukua magunia kumi. Tofauti ni magunia mawili. Akipanda mtu wa tatu mbele, ondoa karibu gunia zima. Na hapa lumbesa inaingia kuvuruga kila kitu. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini kila mwenye kununua vitunguu Mang'ola anajua gunia linavyoshonewa kilemba cha wavu juu yake, likawa zito kwa kiasi ambacho hakuna aliyekipima. Mtu anayepakia lumbesa nane akidhani amepakia kilo 800 anaweza kuwa amepita uwezo wa gari lake bila kujua, na gari linapovunjika springi analaumu udogo wake. Gunia halikupimwa. Kabla ya kununua gari kubwa zaidi, mizani ni kitu cha bei rahisi kuliko tofauti ya pikapu hizi mbili, na inamlinda pia mkulima asipunjwe.

Jambo linaloamua nafasi kuliko jina la gari ni kebini. Hilux ya kebini moja ina kitanda cha nyuma chenye urefu wa mita 2.3 hivi, ile ya dabo kebini inabaki na mita 1.5 tu. Karibu theluthi ya nafasi imekwenda kwenye viti vya nyuma. Kwa saruji au mbolea hilo si tatizo kubwa, maana uzito unajaa kabla ya nafasi. Kwa vitunguu, kabichi, majani ya ng'ombe au makreti ya soda, nafasi ndiyo inayojaa kwanza, na hapo Hilux ndogo ya kebini moja inaishinda waziwazi Land Cruiser ya dabo kebini iliyouzwa kwa bei ya juu zaidi. Naelewa kwa nini dabo kebini inapendwa: ni gari la kazi siku za juma na gari la familia Jumapili, na mwenye watoto watatu ana haki ya kulitaka. Ila aliyenunua dabo kebini ajue kwamba amenunua gari la abiria lenye sehemu ya mizigo, na asipange biashara ya mizigo kwa kulitegemea.

Wanaotetea kubwa hukimbilia mavuno. Mwezi Julai au Agosti mahindi yako shambani yakisubiri, nani atayabeba? Tumchukue mkulima wa Mbulumbulu mwenye magunia 100, tani 10. Kwa Hilux anahitaji safari 13, kwa Land Cruiser safari 10. Kwa Canter ya tani nne ni safari tatu, na Fuso linamaliza kwa mbili au hata moja. Hakuna pikapu hata moja kati ya hizi mbili iliyo chombo cha mavuno. Kumnunulia mkulima Land Cruiser kwa ajili ya majuma mawili ya mwaka, ili aokoe safari tatu kati ya kumi na tatu, ni kulipia mwaka mzima kitu kinachokodishwa kwa siku. Canter za kukodi zipo Karatu, na majirani watatu wakipatana siku moja ya kuvuna gharama inagawanyika. Miezi mingine ya mwaka mzigo wa kawaida wa mkulima huyu ni mifuko ya mbegu, mapipa ya maji, mbuzi wa kupeleka mnadani, mabati, mgonjwa wa kuwahishwa hospitali. Huo ndio mzigo wa kulipimia gari.

Barabara nazo zinahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndizo zinazowatisha watu wakaongeza fedha. Lami ya kilomita 77 kutoka Makuyuni hadi langoni, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliibadilisha Karatu kabisa. Mfanyabiashara anayefuata bidhaa Arusha hahitaji foo wili hata kidogo. Ukiiacha lami hiyo hali inageuka. Kuelekea Endabash, Oldeani, Kansay au chini Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, utakutana na udongo mwekundu wa volkano ambao kiangazi ni vumbi laini na masika ni sabuni. Kwenye udongo huo gari halizami sana; linateleza. Linaloliokoa ni foo wili iliyoingizwa kabla ya tope, tairi zenye meno yaliyobaki, mwendo wa polepole na mguu mwepesi kwenye breki. Uzito wa gari hausaidii kwenye mteremko: gari zito likishaanza kuteleza kuelekea mtaroni, ni gumu zaidi kulizuia. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, ambao hauna sakafu ngumu karibu, uzito unaumiza zaidi, maana kila kilo ya chuma inalisukuma gurudumu chini. Niseme pia faida ya Land Cruiser isiyotajwa sana. Matoleo mengi ya kazi yanakuja na tairi za 7.50-16, nyembamba na ndefu, ambazo hukata tope jepesi zikafika kwenye udongo mgumu chini yake. Ni faida ya kweli, lakini inatokana na tairi. Kipimo cha tairi na hali ya meno yake vinaweza kurekebishwa kwenye pikapu yoyote kwa sehemu ndogo sana ya gharama ya kubadili gari.

Kwenye pikapu nyingi za zamani, ndogo kwa kubwa, foo wili haifanyi kazi mpaka habu za mbele zifungwe kwa mkono. Dereva anashuka, anainama kwenye gurudumu la kushoto, anazungusha kile kifuniko kwa vidole hadi kielekee upande wa kufunga, anazunguka kufanya vilevile kulia, ndipo anarudi ndani kuvuta gia ya foo. Anayejua kazi hufunga habu nyumbani asubuhi ya siku ya mvua. Asiyejua hukumbuka akiwa tayari kwenye tope hadi kwenye ekseli, na hapo habu zenyewe haziguswi bila kuchimba. Magari mengi yanayosifiwa au kusemwa vibaya kwa tope yanabeba sifa ya dereva wake.

Kuna suala la mwinuko ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Karatu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta uko karibu mita 2,300. Hewa inakuwa nyepesi kadiri unavyopanda, na injini isiyo na taboa hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Ile 1HZ ya lita 4.2 ina nguvu farasi zipatazo 130 ikiwa pwani. Ikifika ukingoni imeacha njiani zaidi ya moja ya tano. Injini ya lita 2.4 yenye taboa ina nguvu farasi karibu 150, na taboa inasukuma hewa ndani kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa hiyo kwenye mwinuko wa kutoka Mto wa Mbu kuja Rhotia, gari dogo jipya lenye mzigo halali hupanda bila kumlilia dereva, na dereva wa 1HZ yenye mzigo ule ule hushusha gia mapema. Anayedhani injini kubwa ni nguvu nyingi aliangalie jambo hili kwa utulivu. Ubora wa 1HZ uko mahali pengine.

Ubora huo ndio unaobeba pingamizi zito kuliko yote: gari dogo la kisasa litatengenezwa na nani likiharibikia Endamarariek? 1HZ ina pampu ya dizeli ya kimakanika, haina kompyuta ya kuamua kiasi cha mafuta, na fundi mwenye spana na uzoefu anaweza kuifungua chini ya mti na ikawaka. Injini mpya ya Hilux hupeleka dizeli kwenye nozeli kwa shinikizo kubwa mno, na nozeli hizo hazivumilii maji wala uchafu. Tone la maji kutoka kwenye pipa la dizeli la kijijini linaweza kuleta gharama ya kulia. Spea nazo: kwa sababu ya utalii, maduka ya Arusha na gereji za Karatu zina vifaa vya Land Cruiser kwa wingi. Pingamizi hili silipuuzi. Majibu yangu ni mawili. La kwanza, si lazima Hilux iwe mpya. Hilux za zamani zenye injini za 3L na 5L, lita 2.8 na lita 3, zina pampu ya kimakanika vilevile, na mafundi wetu wanazijua. Ni dhaifu kwenye mlima, lakini hazidai kompyuta. La pili, mwenye Hilux ya kisasa ajiwekee kanuni asiyoivunja: dizeli inatoka kituoni, chujio la mafuta linabadilishwa kabla ya wakati uliotajwa kitabuni, na maji yanayokusanyika chini ya chujio yanamwagwa kila juma. Vilevile chujio la hewa. Vumbi la Karatu ni laini kama unga na linaziba chujio upesi. Ule mkonga unaopanda pembeni ya kioo cha mbele watu huuhusisha na kuvuka maji, lakini kazi yake ya kila siku huku ni kuvuta hewa ya juu iliyo safi kidogo, na unaweza kufungwa kwenye Hilux pia.

Basi kubwa ni ya nani? Vuka lango la Lodoare upate jibu. Lami inabaki nyuma na inaanza changarawe yenye mawimbi, kilomita baada ya kilomita, kuelekea Olduvai na Naabi, na njia za kando kuelekea Endulen, Nainokanoka na Olbalbal. Mawimbi yale hayatingishi gari mara moja likapita. Yanaligonga maelfu ya mara kwa saa, na kila pigo linatafuta mahali pa kupasua. Shokapu zinachemka, boliti zinalegea, bodi inapata nyufa kwenye kona za milango. Hapo unene wa chasisi unalipa. Ekseli ya nyuma ya Land Cruiser imejengwa hivi: uzito wa mzigo unabebwa na nyumba ya ekseli pamoja na bearingi zake, na ule mtaimbo wa ndani una kazi moja tu, kuzungusha gurudumu. Kwenye ekseli ya Hilux mtaimbo huo unazungusha gurudumu na kubeba uzito kwa wakati mmoja. Ukikatika ule wa Land Cruiser, gurudumu linabaki mahali pake na gari linaweza kuvutwa; kwenye ule mwingine gurudumu linaweza kutoka pamoja nao. Kwa mtu anayepeleka unga na mahindi kila siku kwenye vijiji vya Ngorongoro, ambako kilimo kimekatazwa na chakula lazima kipande kutoka Karatu, hii si anasa. Ndiyo maana magari ya doria na magari mengi ya wagonjwa ya njia hizo ni Land Cruiser, na sioni sababu ya kulibishia hilo.

Lakini tazama masharti yake. Faida hiyo inahesabika kwa anayepita changarawe ile mara nyingi kwa mwezi, akiwa amepakia, mbali na gereji. Anayepanda mara mbili kwa mwaka kumtembelea shemeji Endulen hapati haki ya kutumia hoja hiyo, maana kwa mwendo wa polepole Hilux inafika na kurudi. Hata ndani ya hifadhi uzito una bei yake: ada ya gari langoni hupangwa kwa kuangalia uzito wa gari likiwa tupu pamoja na mahali lilipoandikishwa. Na anayewaza kugeuza pikapu yake iwe ya utalii baadaye aelewe kwamba kushuka kreta kunadai gari la foo wili lililo katika hali nzuri, leseni ya biashara ya utalii, bima inayolingana na viti. Gari lenyewe ndilo rahisi kuliko vyote hivyo.

Tuje kwenye mafuta, maana ndiyo gharama isiyolala. Chukua kwamba Land Cruiser ya 1HZ yenye mzigo inakula lita 13 kwa kilomita 100, na Hilux ya dizeli lita 9. Ni makadirio ya kawaida, na barabara na dereva huyapandisha au kuyashusha. Kwa kilomita 20,000 kwa mwaka tofauti ni lita 800. Kama dizeli ni shilingi 3,000, hiyo ni shilingi milioni 2.4 kila mwaka. Bei halisi iangaliwe kwenye tangazo la EWURA, ambalo hutoka kila mwezi na kutaja bei ya kikomo kwa kila wilaya. Karatu, kwa kuwa mbali na bandari, hulipa zaidi ya Dar es Salaam. Ongeza juu ya hapo tofauti ya bei ya kununua, ambayo kwa magari ya umri mmoja ni kubwa sana kiasi kwamba mara nyingi inatosha kukodi Canter misimu mingi ya mavuno. Watetezi wa Land Cruiser watasema: lakini inashika bei, ukiiuza baada ya miaka kumi fedha zako zipo. Ni kweli inashika bei. Hilux pia inashika bei. Na fedha iliyolala ndani ya bati kwa miaka kumi haikununua ng'ombe wa maziwa, haikuchimba kisima, haikulipa ada ya shule. Mwenye mkopo wa benki, ambao riba yake haisubiri masika wala kiangazi, ndiye anayepaswa kulifikiria hili kwa uzito zaidi, kwa sababu analipia riba ya uimara asioutumia.

Kuna wanaouliza kutoka upande wa pili: kama ndogo ni nzuri, kwa nini tusinunue kirikuu? Kwa mwenye duka la jumla mjini, anayesambaza mikate, soda na sabuni kati ya Karatu mjini, Bashay na Rhotia kando ya lami, kirikuu ni chaguo la busara, na mafuta yake ni kidogo mno. Ila vigari hivyo vilitengenezwa kwa sheria ya Japani inayoweka kikomo cha injini ya sentimita za ujazo 660, upana wa mita 1.48 na mzigo wa kilo 350. Magunia matatu na nusu. Kukipakia kumi kwa sababu yanatosha kwenye kitanda, kisha kukishusha mteremko wa Mto wa Mbu kikiwa na breki ndogo namna ile, ni kuhatarisha watu waliomo na wanaokuja mbele. Mzigo wako wa kila siku ukizidi kilo 350, umeshatoka kwenye kirikuu na kuingia kwenye tani moja.

Anayekubaliana nami atakuta ugumu sokoni. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017, kwa hiyo kwenye minada ya mitumba ya huko kuna pengo: ama utapata ya zamani sana, ama ya karibuni yenye bei kali. Hilux nyingi za umri wa kati zenye usukani wa kulia hutoka Thailand, Afrika Kusini na Uingereza. Zinazotoka Uingereza zikaguliwe kutu kwa makini ya pekee, kwa sababu barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hula chasisi kutoka ndani ambako rangi mpya haifiki. Ingia chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge chasisi juu ya ekseli ya nyuma na pale mabamba ya springi yanaposhikana nayo. Chuma kizima hutoa mlio mkavu. Kilicholiwa hutoa mlio uliofifia, na wakati mwingine nyundo inazama. Kisha fungua kifuniko cha difu utazame mafuta: yakiwa na rangi ya maziwa, maji yamo. Mwisho liendeshe kwenye changarawe likiwa na foo wili imeingia, usikilize mbele kama kuna kugongagonga unapokata kona, kwa sababu jointi za mbele za Hilux ndizo zinazochoka kwanza kwa dereva aliyezoea kuacha foo wili imeingia kwenye lami.